Vyombo vya Kutilia Juisi ya Ndizi Ikingali ya Moto, na Namna ya Kuvipanga

Maneno haya aliyasema Bwana Shamba mbele ya wasindikaji wa ndizi wa Wilaya za Bukoba na Muleba. Yamepigwa chapa kama yalivyosemwa, isipokuwa maswali yamefupishwa.

Najua kila mmoja ameacha kazi nyumbani, na wengine mmetoka mbali. Sitawachosha kwa maneno mengi ya vitabuni. Chuoni nilifundishwa mbolea, mnyauko na nafasi za kupandia migomba. Habari za chupa sikufundishwa na mtu. Nilizijifunza kwa hasara, nayo hasara haikuwa ya fedha zangu, na ndiyo maana nimekuja kusema.

Kabla ya kuanza, tazameni. Hapa nina chupa mbili za plastiki za maji ya kunywa, zile nyembamba zinazouzwa kila duka. Hii ya kwanza naijaza maji yenye joto la digrii 90. Mnaona? Kabla sijafunga kifuniko imekwisha kujikunja na kufupika kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Tuiweke kando, haina la kutufundisha zaidi ya hilo. Hii ya pili naijaza maji ya digrii 65, naifunga sana, naiweka mezani. Imesimama vizuri wala haina dosari. Msiiguse. Tutairudia.

Sote tunajua kukamua omuramba. Ndizi za embire zikiiva vizuri, zikakandwa pamoja na nyasi katika obwato, juisi hutoka tamu na nzito. Lakini haikai. Siku ya pili imeanza kuchemka yenyewe, na baada ya hapo ni rubisi, hata kama mwenyewe hakukusudia rubisi. Mwenye kutaka kuiuza ikiwa juisi, mbali na nyumbani kwake, hana budi kuiua ile chachu na vijidudu vingine, kisha kuzuia vingine visiingie. Njia iliyo nyepesi kwa watu wasio na mitambo mikubwa ni hii: juisi ipashwe moto, itiwe chomboni ikingali na joto lisilopungua digrii 85, ifungwe papo hapo, chombo kilazwe au kipinduliwe kwa muda wa dakika 3 ili joto la juisi lisafishe na kifuniko, ndipo kipozwe. Joto la juisi yenyewe husafisha chombo. Hakuna dawa ya kuongeza.

Nataka kutaja mambo mawili ambayo watu huyakosea, kisha niendelee na vyombo. La kwanza ni ukali. Kuna kijidudu cha udongoni ambacho mbegu zake hazifi hata katika maji yanayochemka, na hupenda kumea mahali pasipo hewa, kama ndani ya chupa iliyofungwa. Sumu yake huua. Kitu kinachomzuia adui huyo ni uchachu: penye pH chini ya 4.6 hawezi kumea. Juisi ya ndizi peke yake si kali sana, mara nyingi huwa karibu na mpaka huo au juu yake. Basi tieni maji ya limau au ndimu, mpime kwa karatasi ya pH, msiridhike mpaka mshuke kufika 4.2. Kuonja kwa ulimi si kipimo, kwa kuwa sukari ya ndizi hudanganya ulimi. La pili ni kipima joto. Hapa kando ya ziwa tuko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka yakifika digrii 96 tu, si 100. Nimemwona mama mmoja akitupa kipima joto chake kizuri akidhani kimeharibika, kwa sababu hakikufika 100. Kilikuwa kinasema kweli.

Sasa tuje kwenye vyombo. Kitu cha moto kimevimba, kikipoa hupungua. Juisi iliyotiwa ikiwa digrii 85, ikipoa mpaka digrii 25, hupungua karibu sehemu 3 katika kila sehemu 100. Katika chupa ya lita moja ni kiasi cha vijiko viwili vya chakula. Katika dumu la lita 20 ni zaidi ya nusu lita, yaani chupa nzima ya soda imetoweka, na hakuna aliyekunywa. Tena ile nafasi ndogo iliyo juu ya juisi haikuwa na hewa tupu. Ilijaa mvuke, na mvuke ukipoa hugeuka matone. Kwa hiyo ndani ya chombo hubaki nafasi yenye hewa kidogo mno. Vitabu vya shule huiita ombwe.

Watu husema ombwe linavuta chupa ndani. Ukweli ni kwamba hewa ya nje ndiyo inayosukuma. Hewa ina uzito, ingawa hatuusikii kwa kuwa inatusukuma pande zote, ndani na nje. Hapa kwetu, juu ya eneo la kiganja kimoja, tuseme sentimita 10 kwa 10, hewa husukuma kwa nguvu ya uzito wa karibu kilo 90. Chupa iliyo wazi haidhuriki kwa sababu hewa ya ndani husukuma vilevile. Iliyofungwa ikiwa ya moto na kisha kupoa haina tena msaada wa ndani. Itajitetea kwa ubavu wake tu.

Haya, tuitazame ile chupa ya pili. Mnaona ubavu huu ulivyobonyea? Na bado ni vuguvugu. Ikipoa kabisa itakuwa kama mtu aliyepigwa tumboni. Wala haikutiwa juisi ya digrii 85, ila maji ya digrii 65 tu. Sasa mama, hebu weka chupa nyingine iliyojaa juu yake. Imelala chini. Basi mmeona habari yote ya leo: chombo cha juisi ya moto kina mizigo miwili, mmoja wa hewa inayokisukuma ubavuni na mwingine wa vyombo wenzake vinavyokikalia kichwani, na mzigo wa kwanza humdhoofisha asiweze kuubeba wa pili.

Mtu aweza kuniuliza, mbona soda hukaa katika chupa nyembamba za plastiki, hupangwa mpaka darini, nazo hazibonyei? Jibu ni ile gesi. Soda hutiwa ikiwa baridi, nayo gesi husukuma kutoka ndani, ikaikaza chupa kama gurudumu la baiskeli lililojazwa upepo. Toa upepo uone kama gurudumu litambeba mtu. Juisi yetu haina upepo wa ndani, ina upungufu. Kwa hiyo chupa ya soda haifai kuwa chupa ya juisi ya moto, hata iwe nzuri na mpya kiasi gani, na hata muuzaji aape.

Chini ya chupa nyingi za plastiki pana pembetatu ya mishale yenye namba ndani yake. Namba 1 ni plastiki ya chupa za maji na soda. Hulegea ikifika karibu digrii 70, isipokuwa ile iliyotengenezwa maalumu kwa vitu vya moto. Hiyo maalumu hutambulika: shingo yake ni nene na mara nyingi nyeupe kama maziwa, ubavu wake una vidirisha vya bapa, na kitako chake kimeingia ndani. Namba 2 ni ile ya madumu ya mafuta ya kula. Haiyeyuki kwa juisi ya digrii 85, lakini hulegea na kupinda, na harufu ya mafuta haiishi hata uoshe mara kumi. Namba 5 hustahimili maji yanayochemka. Kioo hustahimili joto lolote tulilo nalo, ila hakipendi kushtushwa: chupa baridi ikitiwa juisi ya moto hupasuka, na chupa ya moto ikiwekwa juu ya sementi yenye maji hupasuka kitako. Zipasheni kwanza kwa maji ya moto, na baada ya kujaza zipozeni hatua kwa hatua, maji ya vuguvugu kwanza ndipo ya baridi.

Vile vidirisha nilivyovitaja havikuwekwa kwa urembo. Mtengenezaji alijua kwamba juisi itapungua, basi akachagua mwenyewe mahali pa kubonyea. Vidirisha huingia ndani kidogo kidogo, vyote kwa pamoja, na nguzo zilizo kati yake husimama wima zikibeba uzito wa juu. Chupa isiyo na vidirisha hujichagulia yenyewe mahali pa kubonyea, nayo huchagua vibaya. Kuna na zile zenye mikunjo inayozunguka kama pete. Pete husaidia dhidi ya hewa ya ubavuni, lakini zikiwa za kina sana huifanya chupa kuwa kama kinanda cha kukunjua na kukunja: ukikalia juu, inashuka. Kwa hiyo mkinunua chupa tazameni yote mawili. Bonyeni ubavu kwa vidole, kisha wekeni kiganja juu na kusukuma chini. Chupa inayoshinda jaribio moja na kushindwa la pili haitufai.

Mfano wa zamani wa akili ya namna hii mnao majumbani mwenu. Lile dumu la chuma la lita 20 lenye alama kama X ubavuni lilibuniwa Ujerumani mwaka 1937 kwa ajili ya petroli ya jeshi, na Waingereza wakalipa jina kutokana na jina la utani walilowaita Wajerumani. Ndiyo asili ya neno jerikani. Wengi hudhani ile X ni alama ya kiwanda. Ni mkunjo wa kulitia nguvu bati, na kuliacha lipanuke na kusinyaa pasipo kupasuka kwa joto na baridi. Mbavu zake ni bapa ili yakae bega kwa bega bila nafasi kupotea. Vyombo vya mviringo vikipangwa safu kwa safu huacha zaidi ya sehemu 20 katika 100 za sakafu zikiwa tupu, na mwenye lori anakutoza kwa sakafu yote.

Lakini mfano ulio bora zaidi kwetu ni debe. Sisi tunalijua debe la kupimia kahawa na mahindi, tukasahau lilikujaje. Lilikuja na mafuta ya taa, galoni 4, bati jembamba ambalo mtoto aweza kulibonyeza. Je, lilivukaje bahari likiwa limepangwa kwenda juu ndani ya meli? Madebe yalifungwa mawili mawili ndani ya kasha la mbao. Bati lilizuia mafuta yasivuje, kasha likabeba uzito. Kila moja lilifanya kazi yake wala halikuombwa kufanya ya mwenzake.

Nitawaeleza sasa ile hasara. Kikundi kimoja cha akina mama nilichokihudumia, ambacho sitakitaja, kilikuwa kikiuza omuramba Mwanza. Walinunua chupa za nusu lita za plastiki namba 1, za aina ya kustahimili moto, lakini nyembamba. Walijaza vizuri na kupima vizuri, wakapeleka Mwanza mara mbili, na mara zote mbili zilifika salama. Wakapata mnunuzi Dar es Salaam. Wakaja kuniuliza, nami nikawajibu kwa kinywa changu: chupa iliyofika Mwanza salama itafika na Dar, tofauti ni siku tu. Walikopa fedha, wakajaza lori.

Dereva alitueleza baadaye kwamba mpaka Dodoma hakukuwa na neno. Baada ya Gairo, barabara iliposhuka kuelekea Morogoro, alianza kusikia sauti za kubonyea nyuma, kama mtu anayekanyaga makopo. Kufika Dar es Salaam maboksi yalikuwa yameinama upande mmoja. Chupa za chini zilikuwa zimebonyea, nyingine vifuniko vimelegea na kuingiza hewa, na juisi imeanza kuchacha. Mnunuzi aliikataa shehena yote, na sikuweza kumlaumu. Wale akina mama walilipa deni kwa kahawa ya msimu uliofuata, kahawa iliyokusudiwa ada za shule.

Sababu ilikuwa nini? Mwanza iko kando ya ziwa hili hili, kwa usawa huu huu. Hewa ya Mwanza ina uzito sawa na hewa ya Bukoba. Dar es Salaam iko chini, usawa wa bahari, na hewa yake ni nzito zaidi: penye kilo 90 za kwetu kwa kiganja kimoja, kule ni zaidi ya kilo 100. Ubavu wa chupa ya nusu lita una eneo la viganja vitatu hivi. Basi kila chupa, ilipofika pwani, ilikuwa imeongezewa karibu kilo 40 kuizunguka, juu ya zile ilizokuwa nazo. Na wanaojaza Kamachumu wako juu zaidi ya ziwa, tofauti yao ni kubwa kuliko yetu wa huku chini. Chupa haikuharibiwa na urefu wa safari ya zaidi ya kilomita 1,300. Iliharibiwa na mteremko, nami sikuufikiria mteremko.

Tangu hapo tumepata namna ya kujaribu chupa pasipo kuisafirisha, tena haigharimu kitu. Maji nayo yana uzito. Chupa ikizamishwa mita 1 na nusu chini ya maji ya ziwa letu, husukumwa kwa nguvu kidogo kuliko ile ambayo hewa ya Dar es Salaam ingeisukuma. Nikisema kidogo, nina maana ya kidogo zaidi, kwa upande wa salama. Kwa wanaojaza milimani iwe mita 2. Chukueni chupa 10 mlizozijaza kwa utaratibu wenu wa siku zote, zilizokwisha kupoa kabisa. Zifungeni kwenye kamba yenye fundo la kipimo na jiwe mwishoni, zishusheni kutoka gatini au mtumbwini, zikae usiku kucha. Asubuhi zitoeni mkazitazame. Iliyobonyea vibaya imewaonya kabla ya kuwatia hasara. Chupa hizo msiziuze, maana zimelala ziwani.

Narudi kwenye kupanga. Dumu moja lililojaa lina uzito wa kilo 21 hivi. Mkipanga matano kwenda juu, la chini limebeba manne, kilo 84, yaani mtu mzima mwenye afya amekaa juu yake mchana na usiku. Hiyo ni ghalani. Barabarani, gari likitumbukia shimoni na kuinuka, uzito huo kwa nukta moja huweza kuongezeka maradufu. Kwa hiyo chombo kilichosimama vizuri ghalani kikibeba vinne kisidhaniwe kitabeba vinne safarini. Mimi ningepunguza nusu.

Kwa soko la Bukoba, Muleba na Mwanza, ushauri wangu ni chupa za kioo ndani ya kasha. Wako wanaosema kioo ni mambo ya kizamani. Kioo hakibonyei, hakitoi harufu, chupa hurudi ikaoshwa ikatumika tena, na kutoka Kemondo au Bukoba mpaka Mwanza meli hurudi na chupa tupu pasipo taabu kubwa. Ubaya wake ni uzito: chupa yenyewe yaweza kukaribia uzito wa juisi iliyomo. Kwa hiyo kuipeleka Dar es Salaam na kuirudisha tupu si biashara.

Kasha fundi yeyote wa kijiji aweza kulitengeneza kwa mbao za msindano. Lichukue chupa 12, tatu kwa nne, zikitengwa kwa vipande vyembamba ili kioo kisigonge kioo. Uzito wote usizidi sana kilo 14, mama mmoja aweze kuliinua. Jambo kuu ni nguzo nne za pembeni. Kama chupa pamoja na kizibo ina urefu wa sentimita 24, nguzo ziwe sentimita 26 juu ya sakafu ya kasha. Likishakuwa tayari, tieni chupa, kisha lazeni rula au fito iliyonyooka toka ukingo hadi ukingo: fito isiguse kizibo hata kimoja. Ikigusa, chupa ndiyo itakayobeba kasha la juu, na fundi arudie kazi. Kitako cha kasha kiwe na ukingo unaoingia ndani ya mdomo wa kasha lililo chini yake kiasi cha sentimita 1, ili yasiteleze gari likikata kona au meli ikiyumba. Mbavu ziachwe na nafasi kati ya ubao na ubao, upepo upite.

Upepo huo una kazi. Watu wakimaliza kujaza, wana haraka ya kupanga, chupa zingali za moto. Msifanye hivyo. Chupa za katikati ya lundo hukaa na joto usiku kucha, juisi hugeuka rangi ikawa ya kahawia na ladha yake kuwa kama iliyoungua. Pozeni mpaka mkono ukishika chupa usisikie moto, ndipo mpange. Tena kupoza kwanza hufunua kasoro: chupa isiyofungwa vizuri itajulikana mapema, maana kifuniko chake hakitavutwa ndani.

Wanaotumia maboksi ya karatasi wasikilize hapa. Fundi wa matofali hupishanisha, tofali likalalia maungo ya mawili yaliyo chini, na sote tumezoea kuona kwamba huko ndiko kupanga vizuri. Magunia ya kahawa ghalani nayo hupishanishwa. Lakini boksi si tofali wala si gunia. Nguvu ya boksi iko katika pembe zake nne; katikati ya ubavu ni karatasi tu. Mkipishanisha, pembe ya boksi la juu hukalia ubavu laini wa boksi la chini. Pangeni pembe juu ya pembe, boksi juu ya boksi, mnyooko kama nguzo, na safu ya juu peke yake mwaweza kuipishanisha ili kufunga lundo, au mlifunge kwa kamba. Yale maboksi ya lori la Dar yalikuwa yamepishanishwa kwa ustadi mkubwa. Na kumbukeni mvua zetu. Bukoba hupata kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na boksi lililonyonya unyevu hupoteza nguvu nyingi hata kama halijalowa kwa macho. Yakae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Kwa Dar es Salaam, kwa mahoteli na mikahawa inayonunua kwa wingi, naona njia inayofaa ni mfuko ndani ya boksi. Mmarekani mmoja, William Scholle, aliubuni mwaka 1955 kwa ajili ya tindikali ya betri, na leo hutumika kwa juisi na mvinyo. Mfuko wa lita 5 wa aina inayostahimili moto hujazwa, hufungwa, nao ukipoa husinyaa pamoja na juisi. Hauna ubavu wa kubonyea, basi hewa ya pwani haina la kuufanya. Uzito hubebwa na boksi. Mnaona ni lile debe na kasha lake, limerudi kwa nguo nyingine. Mifuko hiyo haitengenezwi hapa kwetu na bei yake si ndogo. Vikundi vitatu au vinne vikiagiza pamoja ndipo inapowezekana. Kabla ya kuagiza chochote nendeni SIDO mkaulize, na mjue kwamba tangu mwaka 2019 usalama wa vyakula vilivyofungwa husimamiwa na TBS. Watataka kujua chombo mnachotumia.

Sasa maswali.

Mzee mmoja aliuliza: “Bwana Shamba waitu, mimi ninayo madumu ya njano hamsini. Nikipoza juisi kwanza ndipo nitie, si nitakuwa nimemaliza taabu ya kubonyea?”

Mzee wangu, kubonyea utakuwa umekumaliza, lakini utakuwa umerudisha chachu. Juisi iliyopoa haiwezi tena kulisafisha dumu, na dumu la mafuta halisafishiki kwa mkono. Baada ya siku chache litavimba badala ya kubonyea, na likiwa chini ya mengine manne litapasuka. Madumu yako yatumie kuchotea maji.

Mama mmoja aliuliza: “Mnyauko ulipoingia huku Muleba mwaka 2006 ulituangamizia ndizi za juisi kuliko za kupika. Tukinunua makasha na chupa, na ndizi zikafa tena, tutazijazia nini?”

Ni swali la haki, mama. Msianze na makasha mia. Anzeni na 10, chupa 120, ambazo mnaweza kuzijaza kwa ndizi za mashamba mnayoyajua, ambako ua dume hukatwa kwa kijiti chenye panda mara vichane vinapokwisha, na panga husafishwa kwa moto kabla ya kuingia shamba jingine. Kasha halina kosa likikaa tupu mwaka mmoja. Na likijazwa nanasi, uchachu ni wake mwenyewe, ingawa bado mtapima.

Mwingine aliuliza fundi apate wapi vipimo. Kasha la mfano liko hapa nje, chini ya mwembe, na chupa zake zimo. Fundi aje na futi yake alipime mwenyewe, kisha alijaribu kwa kulikalia.